Jiwe letu, zana zao

Mdogo wangu hapa Mtwara ana gemu kwenye simu. Unachimba mawe, unayakata, unayang'arisha, unauza. Juzi nikamkuta amerundika mawe chungu nzima na hauzi hata moja. Nikamuuliza, vipi tena? Akanijibu bila kuinua macho: "Dada, ukiuza ghafi imekula kwako. Natengeneza mashine kwanza."

Jamani! Mtoto wa darasa la sita kaelewa kitu kinachotushinda wakubwa tangu katikati ya miaka ya 1990.

Wakati huo ndipo watu walipomiminika Tunduru, kwenye barabara hii hii inayotoka kwetu kwenda Songea, kufuata vito kwenye kokoto za mito kama Muhuwesi. Safaya, spineli, aleksandraiti. Wanunuzi wakaja kutoka Thailand na Sri Lanka. Mchimbaji wetu ana sururu, beleshi na chekeche. Hizo zote ni zana za kulitoa jiwe ardhini. Za kuligeuza kito ziko kwa mnunuzi.

Na wala si zana za ajabu. Safaya ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs, kwa hiyo inasagwa kwa unga wa almasi, yenye 10. Unahitaji sahani ya chuma inayozunguka, maji ya kupoza, na kishikio cha kuliweka jiwe kwenye pembe sahihi. Kinachobaki ni jicho na subira. Ukikosea pembe, mwanga unapenya chini badala ya kurudi juu, na jiwe linapooza. Ukipatia, jiwe linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake na bado likauzwa ghali kuliko lilipokuwa zima.

Kinachoniuma ni kwamba pwani hii iliwahi kuwa na zana zake. Kilwa Kisiwani, kwa jirani zetu wa Lindi, waakiolojia walikuta shanga za makombe za kabla ya karne ya 13, na vigae vya vyungu vyenye mifereji. Fundi alikuwa anasugua shanga ndani ya mfereji mpaka inakuwa duara. Chungu kimevunjika, kigae kimekuwa mashine!

Najua kuna watakaosema ufundi wa vito ni wa wenzetu. Hebu mwangalieni Mmakonde na tezo yake na patasi mbele ya gogo la mpingo, halafu mniambie huku kusini tumekosa jicho au subira.

Wengine watasema dawa ni ulinzi. Mwaka 2018 tulizindua ukuta Mirerani kulinda tanzanaiti. Sawa, ukuta unazuia jiwe lisitoroke. Lakini ukuta haukati jiwe.

Angalieni mji wa Chanthaburi, Thailand. Machimbo yake yamepungua sana, lakini mji bado unaishi kwa mawe ya watu wengine, yakiwemo ya Afrika. Mawe yao yalikwisha, zana na mafundi wakabaki. Sisi mawe ya Tunduru yakiisha, tutabaki na nini zaidi ya mashimo?

Arusha kuna Kituo cha Jemolojia kinachofundisha ukataji. Ni vizuri, ila Arusha ni mbali na Muhuwesi. Mimi nataka karakana ya kukatia vito huku huku, Tunduru au Mtwara, ambapo kijana anayechekecha kokoto anaweza kufika kwa nauli ya basi.

Mdogo wangu anasubiri mashine yake. Sisi tunasubiri nini?

Naomba kutoa hoja.