MTOTO KAROPOKA KWENYE BAJAJI, MAMA KACHEKA MPAKA BASI! HIVI KINACHOCHEKESHA NINI?

Kuna dada mmoja mkazi wa Nyahanga, jina kapuni, wiki hii kaweka stetasi ya mwanae wa miaka 3 hivi wakiwa kwenye bajaji. Mtoto anamnyooshea kidole kaka mwenye ualbino, sauti juu: "Mama, zeruzeru huyo! Mbona mweupe?" Dada anacheka mpaka simu inatikisika, na chini kaandika "mwanangu ana vituko". Yule kaka kashusha tu kofia yake, kaangalia barabarani.

Tuwekane sawa wadau, mtoto hana kosa. Umri huo kila kitu ni "mbona". Ila neno zeruzeru hakuzaliwa nalo, kalisikia nyumbani, tena labda kwa huyo huyo anayecheka.

Na hapa ni Kahama bana, siyo sehemu ya kufanyia utani huo. Septemba 2009 Mahakama Kuu ilikaa hapa hapa Kahama ikawahukumu kunyongwa wanaume 3 waliomuua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino kule Bukombe. Waganga walishawadanganya watu kwamba kiungo kinavuta dhahabu. Watoto wakatolewa kwa wazazi wao, wakapelekwa kituo cha Buhangija pale Shinyanga ili wawe salama. Mtaani watu wakaanza kuwaita "dili", yaani binadamu anaitwa dili! Sasa mtu aliyekua akisikia hayo, akinyooshewa kidole kwenye bajaji halafu anapigwa na video, atajuaje kama ni kicheko au kuna mtu anampigia hesabu?

Halafu kuna wale kina mama wa upande wa pili, wanaojiona wao ndo wanajua malezi. Mtoto akiropoka tu anafinywa paja, "nyamaza we!" Mtoto hajajibiwa, kaumia, na kichwani kaweka kwamba yule mtu ni kitu cha kutisha kisichotajwa. Ndo yale yale ya bibi mwenye macho mekundu. Bibi kapikia kuni na mavi ya ng'ombe maisha yake yote, moshi umemmaliza macho, mtoto akiuliza anavutwa mkono haraka haraka. Usukumani vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho hayo?

Kujibu hakuchukui hata dakika. "Eeh mwanangu, ngozi yake haina ile rangi ya kumkinga na jua, ndo maana kavaa kofia. Msalimie anko." Mtoto atasema shikamoo, ataitikiwa marahaba, baada ya hapo anauliza habari ya ng'ombe aliyemuona njiani. Kama kashalitamka lile neno, unamwambia palepale tunasema mtu mwenye ualbino, na unamgeukia mwenyewe: "Samahani kaka, bado anajifunza." Utaona aibu, ndiyo. Sema hivyo hivyo na aibu yako.

Wapo watakaosema "ah, mtoto tu huyo, mnakuza mambo". Sawa, mtoto tu. Aliyeshika simu ana miaka mingapi?

Dada, stetasi imeshajifuta yenyewe baada ya masaa 24, ila walioidaka bado wanaitumiana. Waombe waifute. Na bajaji za njia hiyo ni zile zile na abiria ni wale wale, siku mkikutana tena na yule kaka, mtangulize mtoto amsalimie.