Ukienda na TV kambini, piga hesabu ya betri kwanza

Ndugu mkulima, mpunga wa Usangu ukianza kutoa masuke, wengi wenu mnahamia kambini kuamia ndege, na mnakaa huko hadi mavuno. Siku hizi kambi nyingi zina paneli ya sola, betri na TV. Wapo wanaosema TV shambani ni uvivu. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyepambana na kwelea kwelea tangu alfajiri ana haki ya kutazama taarifa ya habari na mpira. Ninachopinga ni kutazama bila hesabu.

Tuchukue mfano. TV ya inchi 24 inatumia takriban wati 30, king'amuzi wati 12, na inveta yenyewe wati 8. Jumla ni wati 50. Ukitazama saa 4, umetumia wati-saa 200. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 inabeba wati-saa 600, lakini betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku inakufa mapema. Kwa hiyo umeme wako halali ni 300. Ukitoa 200, unabaki na 100 za taa na simu. Hapo uko salama, mradi paneli irudishe ulichotumia.

Hasara inaanza unapozima kwa rimoti na kulala. King'amuzi na inveta vinaendelea kula. Wati 20 kwa saa 20 zilizobaki ni wati-saa 400. Yaani usichokitazama kimekula mara mbili ya ulichokitazama!

Msimu uliopita nilimkuta mkulima mmoja betri imeisha na simu imezima siku mbili. Mnunuzi aliyeahidiana naye alipiga, hakumpata, akanunua kwa jirani. Yeye akauza kwa dalali aliyepita njiani, kwa bei ya dalali. Akalaumu paneli. Paneli haikuwa na kosa.

Ushauri wangu ni huu:

1. Zima inveta na king'amuzi kwenye swichi, si kwa rimoti.
2. Ukinunua TV, chagua inayotumia volti 12 moja kwa moja, ili uachane na inveta.
3. Soma wati nyuma ya kila kifaa kabla ya kulipa.
4. Chaji simu na taa kwanza, TV baadaye. Siku ya mawingu, TV ipumzike. Habari na utabiri wa hali ya hewa utavipata kwenye redio ndogo.

Na wewe mfanyabiashara unayeuza vifaa hivi kijijini, mweleze mteja hesabu hii kabla hajalipa. Betri ikifa kabla ya mavuno, atakurudia akiwa na hasira, na huenda asirudi tena akiwa na hela.