Nani Atalisemea Bao Huko San Francisco?

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Machi, maelfu ya watu ambao kazi yao ni kutunga michezo ya kompyuta hukutana katika jumba la Moscone, mjini San Francisco. Mkutano huo ulianza mwaka 1988 sebuleni kwa Chris Crawford, mtunzi wa michezo wa California, nao waliohudhuria hawakufika thelathini. Usichanganywe na maonyesho ya E3 ya Los Angeles, yaliyokuwa ya wafanyabiashara na ambayo yalitangazwa kufungwa kabisa mwezi Desemba 2023. Huu wa San Francisco ni mkutano wa mafundi. Fundi husimama mbele ya mafundi wenzake akaeleza alivyokiunda kitu chake, alipokosea, na alivyorekebisha. Hata Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa kampuni ya Nintendo, alipohutubia hapo mwaka 2005 alizungumza kama mtu aliyeanza kazi kwa kuandika programu kwa mikono yake.

Wazee watauliza, na wana haki ya kuuliza, habari za michezo ya watoto zatuhusu nini sisi wa visiwani. Zatuhusu, kwa sababu sisi wenyewe tunao mchezo ambao wataalamu wa nje wameukubali kuwa miongoni mwa michezo migumu ya akili duniani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lina namua na lina mtaji, na bingwa wake hupiga hesabu za mizunguko mirefu pasipo kuandika hata tarakimu moja. Mwaka 1995, Alexander de Voogt alitoa huko Leiden, Uholanzi, kitabu kizima juu ya umahiri wa mabingwa wa bao, baada ya kuusoma mchezo huo hapa Unguja. Tunamshukuru kwa kazi yake. Lakini hapana budi tujiulize kwa nini mpaka leo mwenye kulieleza bao mbele ya mataifa ni mgeni, hali mabingwa wenyewe wamekaa barazani.

Kuhudhuria mkutano ule ni jambo moja na kusema ni jingine. Mhudhuriaji hulipa kiingilio ambacho kijana wa kawaida wa huku hawezi kukimudu. Msemaji husamehewa kiingilio, ila nauli na malazi kwa kawaida ni juu yake. Maombi ya kusema hupelekwa miezi mingi kabla, na yule ambaye hoja yake imekubaliwa huwa bado hajashinda. Mwaka 2013 ulianzishwa katika mkutano huo mjadala wa wanawake wa fani hii, ambao baadaye, chini ya Rami Ismail, Mholanzi mwenye asili ya Misri, uligeuzwa kuwa jukwaa la watungaji wa nchi zisizosikika. Wapo walioteuliwa kusema wakanyimwa viza, na zamu zao zikapita wakiwa makwao. Ubalozi wa Marekani uko Dar es Salaam. Kwa hiyo kijana wa Pemba anayealikwa hana budi kuvuka bahari kwanza, kwa gharama yake, kabla hata ya kujua iwapo atakubaliwa au atakataliwa.

Yasisemwe kwamba hayawezekani. Wesley Kirinya wa Kenya na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha kampuni yao ya Leti Arts mwaka 2009, na Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa mchezo wake wa Aurion mwaka 2016. Tena mwaka 2021, kwa sababu ya maradhi ya Uviko, mkutano wa San Francisco ulifanyika wote kwa njia ya intaneti. Kumbe umbali si amri ya Mungu.

Viza ni ya Marekani kuitoa au kuinyima, na hapo Serikali yetu haina kauli. Lakini barua ya utambulisho kwenda ubalozini ni yetu, pasipoti ni yetu, na nauli ya mtu mmoja kwa mwaka si mzigo ambao wizara zinazosimamia vijana na utamaduni zitashindwa kuugawana. Tunaomba wakubwa wanaohusika watenge fungu hilo mapema, wala si mwezi wa Februari, na msafara wa kwanza uwe na watu wawili tu: kijana ajuaye kuandika programu, na bingwa mmoja wa bao wa kumsahihisha.