Kamina: Kondoo wa kwanza asinunuliwe gizani

Familia nyingi katika Haut-Lomami zinawaza hesabu moja. Mtu anaweka akiba, ananunua kondoo watatu ao wanne, anatumaini kwamba mwezi wa tisa, masomo yakifunguliwa, atauza mmoja na kulipa pesa ya shule. Masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali tangu 2019, lakini mtoto wa sekondari bado analipiwa.

Hesabu hiyo inavunjika siku ya kununua. Mnunuzi mgeni anatazama unene tu. Hafungui kinywa cha kondoo kuhesabu meno, wakati jike mwenye meno mawili makubwa yuko karibu na mwaka mmoja na nusu, na yule mwenye meno yaliyong'oka hatazaa tena kwa muda mrefu. Hashushi kope ya jicho: ikiwa nyeupe, minyoo imekunywa damu. Anafika nyumbani, anamchanganya mgeni na wenyeji siku hiyo hiyo, badala ya kumtenga wiki mbili ao tatu. Kama mgeni ana sotoka ya mbuzi na kondoo, makamasi na kuharisha vinaenea, na akiba ya familia inazikwa.

Chanjo ya ugonjwa huo ipo. Sindano moja inalinda miaka mitatu hivi, ila dawa inahitaji baridi tangu inapotoka hadi kwa mnyama. FAO na shirika la afya ya wanyama duniani walipanga mwaka 2015 kuumaliza ifikapo 2030.

Ndiyo maana Kamina inastahili maonyesho ya mifugo midogo kila mwaka. Marekani, katika Maryland, watu wanakutana kila mwezi wa tano kwa sherehe ya kondoo na sufu. Sufu si shida ya Kamina. Kondoo wa huku wana manyoya mafupi, wanafugwa kwa nyama. Mfano wa karibu ni Tanzania: Nane Nane, tarehe 8 mwezi wa nane, ambapo hata asiye na mbuzi mmoja anaingia uwanjani Mbeya ao Dodoma, anashika mnyama, anauliza mganga wa wanyama. Pale anaweza kuambiwa, kwa mfano, kwamba kondoo havumilii shaba, na chumvi ya madini ya ng'ombe inaweza kumuua polepole.

Mwezi wa nane ni kiangazi pia huku, barabara zinapitika, na reli za Lubumbashi, Kananga na Kalemie zinakutana Kamina. Wakuu wa jimbo wakikubali, waanze na vizuizi. Mfugaji anayetoka Kabongo na kondoo watatu, akitozwa kila mahali njiani, hatafika.