Mchango wa NSSF ukiandikwa vibaya, kodi ya mshahara hupanda

Mfanyakazi wa kiwanda cha samaki Mwanza anayelipwa shilingi 400,000 kwa mwezi hukatwa mara mbili: mchango wa NSSF, na kodi ya Lipa Kadiri Unavyopata. Wengi hutazama kinachobaki tu. Ila kipi kinatangulia kukatwa ni jambo la fedha.

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kwa huyu wetu ni 40,000. Hizo huondolewa kwanza, ndipo kodi ikokotolewe kwenye 360,000. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kodi. 90,000 zilizobaki hutozwa asilimia 8, yaani 7,200.

Mhasibu akiuandika mchango huo kama makato mengine, tuseme marejesho ya mkopo, kodi itapigwa kwenye 400,000 zote na kufika 10,400. Tofauti ni 3,200 kwa mwezi, 38,400 kwa mwaka. Kwa mwenye watoto wa shule, hizo ni sare na madaftari.

Marekani, mtu anayebadili mchango wake wa kustaafu kutoka aina moja ya akaunti kwenda nyingine hueleza badiliko hilo mwenyewe kwenye ritani yake ya kodi. Kwetu ritani ya kodi ya mishahara hupelekwa TRA na mwajiri. Mfanyakazi haioni, na kosa linaweza kukaa miaka.

Mabadiliko ya Agosti 2018 nayo yanafaa kukumbukwa. PSPF, LAPF, GEPF na PPF ziliunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na wanachama wa sekta binafsi wakaenda NSSF. Aliyekuwa PPF akiwa kiwandani ahakikishe miezi yake ya zamani inaonekana, kwa sababu pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180.

Baya zaidi ni mchango kukatwa usifike. Hati ya mshahara itaonyesha 40,000, kodi itakuwa sahihi kabisa, na NSSF hakuna kitu. Hapo zimepotea 80,000 kila mwezi, pamoja na sehemu ya mwajiri.

Kwa hiyo msikilizaji, tunza hati zako za mshahara, omba taarifa ya michango NSSF, uzilinganishe mwezi kwa mwezi. Kodi ikiwa imezidi, anzia kwa mwajiri, maana ndiye anayepaswa kusahihisha ritani TRA. Mwezi ukikosekana, nenda ofisi ya NSSF na hati hizo mkononi.