Ziwa lina joto, kipimo kiko wapi?

Wandugu, mu Baraka kila mtu anajua ndagala zimepungua. Uliza mama yeyote anayezianika pale ufukweni. Ila ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: wavuvi na nyavu zao za macho madogo. Halafu ziwa linafungwa miezi 3, na anayelala njaa ni mvuvi na watoto wake.

Hatukatai. Chandarua kinaua samaki wachanga, na tumekiona kikivutwa mchana kweupe. Lakini hiyo ni nusu ya maneno.

Nusu ingine iko mu maji yenyewe. Tanganyika ina kina cha mita 1.470, na mbolea yake nyingi imelala chini. Kiangazi, upepo wa kusini ukivuma, maji yanachanganyika, mbolea inapanda, mwani unaota, vidudu vinakula mwani, ndagala zinakula vidudu. Sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo unavuma bure.

Mwaka 2003 wanasayansi waliandika kwamba kwa sababu ya joto, mwani huenda umepungua karibu 20%, na samaki karibu 30%. Walilinganisha hata vipimo vilivyochukuliwa mu ziwa tangu 1913! Wataalamu wengine wakabisha. Sawa, wabishane, ila ubishi kama huo unaisha kwa kupima tu, miaka kwa miaka. Kule Urusi na Kanada, penye udongo ulioganda, watu wanatoboa mashimo marefu, wanateremsha vipimajoto, wanarudi kila mwaka kusoma. Sisi hata kutoboa hatuhitaji. Ni kamba, kipimajoto na mtumbwi.

Kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, kiko hapa karibu, Uvira. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iko Bujumbura. Serkali iwape njia, na joto lipimwe mbele ya Baraka na upande wa Ubwari, juu na chini, kila mwezi, wavuvi wetu wakiwa ndani ya mtumbwi. Namba zisomwe ku redio, kwa Kiswahili na Kibembe.

Na siku watakapokuja tena kutangaza kufunga ziwa, waje na hizo namba mkononi. Sisi tutakuwa pale ufukweni, tutaziomba.