Biharusi, vya ndani viache



Mfungo mosi ukiingia sisi mafundi hatulali, na wakati wa kupima magauni ndipo tunaposikia mengi. Huyu anawashwa, yule ametumia shabu, mwengine kajifukiza karafuu na kununua vidonge vya kubana kwa mtu asiyemjua. Harusi Alkhamisi.

Tunasema wazi: singo ibaki, liwa ibaki, udi wa nguo, asumini na vikuba vibaki. Vitu vya kuingiza ukeni viachwe, hata kama aliyevileta ni somo tunayemheshimu.

Wengi tunadhani fangasi ni uchafu uliotoka chooni au kwa mume. Kandida, ambaye ndiye anayetusumbua zaidi, anaishi mdomoni, tumboni na ukeni mwa wanawake wengi wazima kabisa, wala hawamsikii. Ni jamaa wa hamira. Akiwa ametulia, kwenye darubini anaonekana kiduara kidogo, na huzaana kwa kuchipuza kijiduara chengine ubavuni, kama inavyofanya hamira ya boflo.

Shida huanza anapobadilika umbo. Akipata joto la mwili, chakula, na mahali ambapo ukali wa asidi umepungua, kile kiduara hurefuka na kutoa uzi. Maabara humtambua kwa tabia hiyo hiyo: wakimweka kwenye majimaji ya damu kwa nyuzijoto 37, ndani ya saa mbili tatu uzi umeshachomoza. Uzi huo hupenya baina ya seli za ngozi laini, na hata ndani ya seli zenyewe, kama sindano kwenye hariri. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa King's College London, walieleza sumu inayotolewa na nyuzi hizo na kutoboa seli. Waliipa jina la kandidalaisini. Mwili nao hupambana, na hapo ndipo unapopata muwasho, wekundu, kuvimba, na uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando.

Kwa kawaida anashikwa adabu na bakteria wema wanaotengeneza asidi, ndiyo maana uke wenye afya huwa na pH isiyozidi 4.5. Sasa wewe unaingiza sabuni, marashi, ndimu, kitunguu saumu! Unawafagia walinzi na kuichubua ngozi kwa wakati mmoja. Dawa za antibaiotiki nazo huwaua, na ndiyo sababu mtu anamaliza dozi ya kifua akaanza kuwashwa. Na istinja ni ya nje. Kujiosha hadi ndani kabisa si sharti la tohara.

Linalotuuma zaidi ni ndoa. Bibi ana siku tatu nyumbani kwa mume, anawashwa, anaumia, anaulizwa: umeutoa wapi ugonjwa huu? Fangasi hahesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa. Hata bikira humpata, na takriban wanawake watatu katika kila wanne humpata angalau mara moja maishani. Mume anayemtilia shaka mkewe kwa muwasho peke yake anamdhulumu, na mama mkwe anayelipeleka neno hilo kwa majirani ana sehemu yake ya dhulma hiyo. Maumivu nayo tunaambiwa ni ya ubikira, uvumilie. Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kianswari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, sisi haya inatuzuia hata kumuuliza nesi.

Kwa upande wa nguo, hatusemi chupi ndiyo inaleta fangasi. Lakini zile seti za naylon zinazojazwa kwenye sanduku la biharusi, ukazivaa na taiti chini ya gauni zito tangu adhuhuri, zinafungia joto na jasho. Vaa pamba siku hiyo. Hakuna anayeona.

Usijitibu kwa kubahatisha. Si kila muwasho ni fangasi, na harufu kama ya samaki mara nyingi ni bakteria, ambao dawa yao ni nyengine. Nenda kituo cha afya upimwe mapema, usisubiri siku ya hina. Ukipewa klotrimazoli ya kuingiza, hiyo ni dawa uliyoandikiwa, siyo miongoni mwa vile tunavyovipinga. Maliza siku zote hata kama muwasho umekata siku ya pili. Mwenye mimba asimeze flukonazoli bila daktari kumwambia. Na dada anayerudiwa na fangasi kila baada ya miezi michache apimwe sukari pia, maana kisukari kisichodhibitiwa humlisha kandida vizuri sana.